Mafuta ya Chakula: Nani Apunguze, Nani Aongezewe?

Mwezi huu tunazungumzia mafuta ya chakula. Tumelichagua jambo hili kwa sababu katika vyumba vyetu viwili hapa hospitalini, kile cha kupimia watoto na kile cha wagonjwa wa presha na kisukari, habari za mafuta zinatufikia kila siku, na mara nyingi zinatufikia zikiwa zimepinda. Mtu mzima mwenye kitambi anatuambia kwamba mboga haimpiti kooni kama mafuta hayaelei juu yake. Mama mwenye mtoto aliyedhoofu anatuambia kwamba mtoto wake hapewi mafuta kwa kuwa yatamharisha. Wakati mwingine wawili hao wametoka nyumba moja, na wamekuja na basi moja.

Maoni yetu ni haya: katika familia nyingi tunazozihudumia, shida kubwa si kwamba mafuta ni mengi au ni machache. Shida ni kwamba yamegawanywa vibaya. Yanakwenda kwa yule ambaye angefaa kupunguziwa, na yanakosekana kwa yule ambaye hawezi kukua bila hayo.

Tuchukue mfano wa nyumba moja, tusiseme ni ya kigango gani. Baba alipimwa presha mahali fulani, akaambiwa aache mafuta. Akarudi nyumbani na kutangaza kwamba kuanzia siku ile mafuta hayaingii jikoni. Mama akatii. Mlenda ukapikwa kwa maji na chumvi, mchicha ukachemshwa, na uji wa mtoto ukabaki unga na maji. Mtoto alikuwa na umri wa miezi 14. Miezi mitatu baadaye mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki ulikuwa umelala, haupandi tena. Na yule baba? Presha yake ilikuwa pale pale, maana chumvi haikuguswa, na jioni alikuwa akipitia senta kula chipsi mayai.

Nyumba za namna hiyo ni nyingi, na hatusemi haya kumcheka mtu. Neno "acha mafuta" ni fupi mno. Halisemi mafuta gani, kiasi gani, wala nani ayaache.

MAFUTA YANAFANYA NINI MWILINI

Kwanza yanatia nguvu. Gramu moja ya mafuta inatoa kalori 9, wakati gramu moja ya wanga au ya protini inatoa kalori 4 tu. Maana yake ni kwamba mafuta yanabeba nguvu nyingi katika nafasi ndogo. Kwa mtu anayekaa kitini kutwa nzima hilo ni hatari. Kwa mtoto mwenye tumbo dogo ni msaada mkubwa.

Lakini kazi ya mafuta haiishii hapo. Kuta za kila chembe hai ya mwili zimejengwa kwa mafuta. Ubongo, ukiondoa maji yote yaliyomo, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni mafuta. Mafuta yanazizunguka figo na kuzikinga, yanahifadhi joto la mwili, na baadhi ya homoni zinatengenezwa kutokana nayo. Tena vitamini A, D, E na K haziyeyuki katika maji, zinayeyuka katika mafuta. Mtoto anaweza kula mchicha, majani ya maboga au karoti kila siku, lakini kama chakula hicho hakina mafuta hata kidogo, sehemu kubwa ya ile rangi ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A itapita tumboni na kutoka. Mboga ya majani iliyochemshwa kwa maji peke yake ni mali iliyoachwa mlangoni.

Zamani hata wataalamu walidhani kwamba mafuta ni nguvu tu, na kwamba mtu anaweza kuyakosa kabisa mradi ameshiba vyakula vingine. Mwaka 1929 huko Marekani, George Burr na mkewe Mildred walieleza jinsi walivyowalisha panya wachanga chakula cha kutosha lakini kisicho na mafuta. Panya walidumaa, ngozi yao ikatoka magamba na mikia ikaharibika. Hivyo ikajulikana kwamba kuna mafuta fulani ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, lazima yaliwe. Leo tunayajua kwa makundi mawili: omega-6, yanayopatikana kwa wingi katika alizeti, ufuta na mahindi, na omega-3, yanayopatikana katika samaki na kwa kiasi fulani katika soya. Dagaa, ambao watu wengine wanawadharau na kuwaita chakula cha kuku, wana omega-3 nzuri, na wanafaa sana kwa mama mjamzito, maana ubongo wa mtoto unaanza kujengwa akiwa bado tumboni.

UJI WA MTOTO

Hapa tunaomba akina mama, akina bibi na hasa akina baba wanaoshika fedha watusikilize kwa makini.

Mungu alipoandaa chakula cha kwanza cha mtoto hakukifanya chepesi. Katika maziwa ya mama, karibu nusu ya nguvu yote inatokana na mafuta. Maziwa yanayotoka mwanzo ni mepesi zaidi, na yanayotoka titi likikaribia kwisha yana mafuta mengi zaidi. Ndiyo sababu tunawaambia mama amwachie mtoto titi moja mpaka aliachie mwenyewe, kabla ya kumhamishia la pili.

Sasa mtoto huyo anafikisha miezi 6. Anaanza uji. Kutoka kwenye maziwa yenye mafuta mengi kiasi hicho anaingizwa kwenye unga wa mahindi na maji. Tumbo lake linapokea kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 basi anabeba mililita 240 hivi, yaani kikombe kimoja, na hapo amejaa. Ukipika kikombe hicho kwa vijiko viwili vya chakula vya unga, atapata kalori kama 70. Lakini mtoto wa miezi 9 hadi 11, pamoja na kunyonya vizuri, anahitaji kalori zipatazo 300 kwa siku kutoka kwenye chakula. Hesabuni wenyewe ni vikombe vingapi, na mjiulize ni mama gani mwenye shamba, kuni na maji ya kuchota anayeweza kumnywesha mtoto mara zote hizo.

Ongeza kijiko kimoja cha chai cha mafuta. Kimeleta kalori 40 bila kuongeza ujazo, tena uji unakuwa laini na mtoto anaumeza kwa urahisi. Ongeza karanga zilizosagwa, umeleta mafuta na protini pamoja. Weka maziwa badala ya sehemu ya maji, vizuri zaidi. Kijiko kile kile cha chai kiwekwe kwenye viazi vilivyopondwa, kwenye ndizi au kwenye ugali laini wa mtoto na mboga yake.

Kuhusu kuharisha: kijiko kimoja cha chai katika bakuli hakimharishi mtoto mzima wa afya. Kinachomharisha mara nyingi ni maji yasiyochemshwa, kikombe kilichooshwa vibaya, na uji uliopikwa asubuhi ukanywewa jioni. Wala hatusemi mmimine. Mafuta yakizidi mno, mtoto anashiba nguvu tupu na kukosa nafasi ya dagaa, maharage, yai na mboga. Karanga nzima asipewe mtoto mdogo, maana zinaweza kumkaba, zisagwe.

Wale waliowahi kulaza mtoto mwenye utapiamlo mkali wanaijua ile pakiti ya kuminya anayopewa akiendelea vizuri. Chakula hicho kilibuniwa Ufaransa katika miaka ya 1990 na daktari André Briend akishirikiana na Michel Lescanne. Kimetengenezwa kwa nini? Kwa karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, mafuta, sukari, pamoja na vitamini na madini. Karibu nusu ya nguvu yake, au zaidi, inatokana na mafuta. Tunakigawa kwa shukrani, na kimeokoa watoto wengi. Ila linatuuma jambo moja: kinasafirishwa kutoka mbali hadi kwa mama ambaye mumewe ameuza gunia zima la karanga bila kubakiza hata debe moja nyumbani.

Tusieleweke vibaya. Mtoto aliyevimba miguu, au aliyekonda mpaka mbavu zinahesabika, asitibiwe nyumbani kwa mafuta na karanga. Aletwe hospitali. Mwili wake umechoka kiasi kwamba hata wodini tunaanza na maziwa mepesi kwa vipimo vidogo, usiku na mchana, kabla ya kumpa chakula chenye mafuta mengi. Uji wa karanga ni wa kumzuia mtoto asifike huko.

MAFUTA TULIYO NAYO

Tukiyagawa kwa jumla, mafuta ya chakula yako ya aina mbili: yale yanayoganda yakipoa na yale yanayobaki majimaji. Yanayoganda, kama samli, siagi na mafuta ya nyama, yana sehemu kubwa ambayo ikizidi huongeza lehemu mbaya katika damu. Lehemu hiyo hujibandika kwenye kuta za mishipa, mshipa unakuwa mwembamba, na mwisho wake ni moyo kusimama au kiharusi. Yanayobaki majimaji, kama ya alizeti, karanga, ufuta na soya, yana tabia iliyo bora kwa mishipa. Parachichi nalo limo katika kundi hili jema, na msimu wake ukifika hakuna sababu ya mtoto kulikosa.

Nazi haifuati kanuni hiyo vizuri, kwani ni mmea lakini mafuta yake mengi ni ya kuganda. Ndugu zetu wa Tanga, Mafia na Zanzibar wamekula samaki na mboga za tui miaka mingi, na hatuwaambii waache. Tunachokataa ni vichupa vya mafuta ya nazi vinavyouzwa siku hizi kama dawa ya moyo. Si dawa ya moyo.

Mawese ya Kigoma nayo yana pande mbili. Karibu nusu yake ni mafuta ya kuganda, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo asiyazidishe. Lakini yakiwa bado mekundu, ile rangi ndiyo chanzo kikubwa cha vitamini A, na kwa mtoto mdogo ni hazina. Kuna wapishi wanaoyachoma kwanza mpaka yawe meupe ndipo wakaange. Wakifanya hivyo wamechoma vitamini.

Huku kwetu kanda ya kati tumejaliwa alizeti. Mbegu zinakamuliwa kwenye mashine za mitaani, mashudu yanabaki kwa mifugo, na mafuta yanayopatikana yana vitamini E kwa wingi. Hata hivyo tunaona jambo la kusikitisha kila msimu. Mkulima wa Singida au Dodoma anauza magunia yote siku ya mavuno bei ikiwa chini, halafu mwezi wa pili anakwenda dukani kununua mafuta ya kupima asiyoyajua asili yake. Tungependa kila familia ikamue kwanza ndoo yake ya mwaka, ndipo iuze iliyobaki. Hilo ni suala la baba na mama kukaa na kupatana kabla ya mnunuzi hajafika na mizani yake.

Kwa wanaonunua dukani: Serikali iliweka kanuni mwaka 2011 kwamba mafuta ya kula ya viwandani yaongezwe vitamini A. Ni jambo jema. Lakini vitamini hiyo haipendi mwanga wala moto wa kurudiarudia. Chupa nyeupe iliyoanikwa juani mbele ya duka tangu asubuhi imepoteza sehemu ya faida yake. Chagueni iliyokaa kivulini, na nyumbani muiweke kabatini au muifunike. Na yale maandishi ya "hakuna lehemu" kwenye chupa ya alizeti yasiwafanye mlipe zaidi. Lehemu inapatikana katika vyakula vya wanyama tu. Mimea haikuwa nayo tangu mwanzo.

Yapo pia mafuta ambayo tungependa yasiwepo kabisa jikoni. Mwanzoni mwa karne ya 20 iligunduliwa namna ya kuyagandisha mafuta ya mimea kiwandani kwa kuyatia hewa ya haidrojeni, ili yakae muda mrefu bila kuharibika. Yakigandishwa nusunusu kwa njia hiyo huzaliwa aina ya mafuta yanayoitwa transi. Mwaka 1990 watafiti wa Uholanzi, Mensink na Katan, walionyesha kwamba mafuta hayo yanaongeza lehemu mbaya na wakati huo huo yanapunguza ile nzuri. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliziomba nchi zote ziyaondoe katika vyakula ifikapo 2023. Nchi kadhaa zimefanya hivyo, nyingine bado. Kwa hiyo unaponunua mafuta ya kopo, majarini au biskuti, mwombe mwanao anayesoma Kiingereza akusomee yaliyoandikwa ubavuni. Akikuta maneno yanayotaja kutiwa haidrojeni nusunusu, rudisha kopo kwenye rafu.

KARAI LENYE MAFUTA MEUSI

Pamoja na hayo, mafuta mazuri ya alizeti nayo yanaweza kuharibiwa. Yakichemshwa leo, kesho na keshokutwa katika karai lile lile, yanageuka meusi, yanakuwa mazito, yanatoa povu na moshi unaowasha macho. Hayo si mafuta tena kwa maana tuliyoieleza, yamevunjikavunjika na yana vitu vinavyodhuru mwili. Tunawaheshimu akina mama wanaokaanga maandazi na mihogo nje ya kanisa baada ya Misa; wengi wanasomesha watoto kwa kazi hiyo. Tunawaomba tu wayachuje mafuta kila wamalizapo, wasiyaache yafuke moshi, wasiongeze mapya juu ya machafu, na yakishabadilika rangi na harufu wayamwage. Nasi wanunuzi tuache kuwabana bei mpaka washindwe kuyamwaga.

WATU WAZIMA

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mafuta yote tunayokula yasitupe zaidi ya asilimia 30 ya nguvu ya siku, na yale ya kuganda yasizidi asilimia 10. Angalieni vizuri: kipimo cha asilimia 30 ni cha watu wazima, na kile cha asilimia 10 ni cha watu wa kuanzia miaka 2. Mtoto aliye chini ya hapo hayumo. Baba aliyetangaza marufuku nyumbani alimhukumu mtoto kwa sheria isiyomhusu.

Asilimia hizo ni ngumu jikoni, basi tutumie vijiko. Kwa maoni yetu vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya kupikia kwa mtu mzima kwa siku nzima vinatosha, kwani mafuta mengine yamo ndani ya nyama, maziwa na karanga. Familia ya watu wazima 6 hapo itatumia lita moja kwa siku tano au zaidi kidogo. Andikeni kwa kalamu juu ya chupa tarehe mliyoifungua. Ikiwa inakwisha kwa siku mbili, hakuna haja ya kumwuliza nesi kwa nini nguo zinabana. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu kwa kukadiria. Tunajua kwamba mgeni akija, mchuzi unaong'aa mafuta ndiyo heshima. Lakini mgeni huyo naye ana mishipa.

Mwenye presha aanze na chumvi, ndiyo adui yake wa kwanza jikoni, kisha uzito, pombe na sigara. Mafuta ayapunguze, asiyaondoe, na aache vya kukaangwa vya senta kabla hajagusa chungu cha familia. Mboga ipikwe kwa mafuta kidogo, na ya mtoto ipakuliwe kwanza katika bakuli lake mwenyewe, ndipo iongezwe kile kijiko chake cha chai. Chungu ni kimoja, kuni ni zile zile. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyekonda, au mzee asiye na hamu ya kula, naye aongezewe kama mtoto, isipokuwa daktari amesema vinginevyo.

Mwisho ni karanga zenyewe, maana tumezisifu sana. Zikivunwa zikakaa na unyevu, huota ukungu wenye sumu inayoharibu ini, nayo haiishi kwa kupika. Wengi mnakumbuka mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walivyougua na wengine kufa kwa sumu kuvu iliyokuwa katika mahindi. Karanga zinashikwa na sumu hiyo hiyo. Zikaushwe vizuri juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo, zihifadhiwe mahali pakavu palipoinuliwa kutoka sakafuni, na kabla ya kusaga zichambuliwe moja moja. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitupwe. Zisipelekwe mashineni kukamuliwa, wala asipewe ng'ombe wa maziwa, kwa sababu akizila sumu inapita na kutokea katika maziwa anayokunywa mtoto.